Mnada wa Mavuno Wuppertal

Mume wangu alistaafu uchungaji Bukoba akidhani sasa atashinda migombani. Haikuwa hivyo. Tuliitwa Ujerumani kupitia VEM, ule umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani wenye makao yake Wuppertal. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika kwetu Bukoba mwaka 1910, kwa hiyo mzee akawa anatania kwamba tunakwenda kurudisha sahani ya jirani, na sahani hairudishwi tupu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mahubiri sana. Siku nyingi tulitembelea watu wa rika letu kwenye nyumba za kutunzia wazee, tukanywa nao kahawa, tukanyamaza nao, maana Kijerumani chetu kiliishia kwenye habari za mvua na magoti. Tulikaa ghorofa ya nne, hakuna lifti. Kupandisha viazi ilikuwa toba tosha. Nilijifunza kutenganisha taka, karatasi huku, maganda kule, chupa kwa rangi zake. Na ile treni inayoning'inia juu ya mto Wupper tangu mwaka 1901, mwanzoni niliipanda nimefumba macho.

"Mama, fungua macho, umelipa nauli," mzee akaniambia, abiria wakatugeukia.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Madhabahu ilipendeza: maboga, maapulo, mikate mikubwa, masuke ya ngano. Nikangoja kuona nani ameleta nini. Hakuna aliyesimama. Vitu vilipangwa tangu Jumamosi, na baada ya ibada vingepelekwa kwa wahitaji. Ni jambo jema, sikatai. Ila kule muumini hukatwa kodi ya kanisa juu kwa juu, asilimia 9 ya kodi yake ya mapato katika jimbo lile, na mimi niliona mikono imesahau kutoa. Kwetu mtu huja na kuku wake anapiga kelele katikati ya sala, na kila mmoja anajua ni kuku wa nani.

Mchungaji mwenyeji, mama kijana mcheshi, alikuwa amemruhusu mzee afanye mnada kama wa nyumbani. Mzee akachukua yai moja kutoka kwenye kikapu. Kabla hajafungua kinywa, mzee wa kanisa mmoja mwenye tai akanyoosha mkono: je, Yesu hakuwafukuza wafanyabiashara hekaluni?

"Ndiyo maana sisi tunafanyia nje," mume wangu akamjibu, akatoka na yai lake.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Wakamfuata na miavuli, nadhani wengi kwa udadisi tu. Akainua yai: euro moja! Kimya. Mbili! Bwana mmoja akauliza kama atapewa risiti. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akasema tano, akalipa, akaliweka yai mapajani. Nikamwinamia nikamweleza kwa maneno yangu machache kwamba akipenda anaweza kulirudisha liuzwe tena. Alinitazama kama nimemwibia. Halafu akacheka mpaka miwani ikamshuka, akamrudishia mzee yai.

Basi hapo ndipo mnada ulipoanza. Yai lile liliuzwa tena na tena, watoto wakachanga sarafu wakalinunua pamoja, boga likagombewa na ndugu wawili hadi mke wa mmoja akamshika koti. Yule mwenye tai alinunua mkate, akaurudisha, akaununua tena. Fedha zikaenda kwa wahitaji walewale, na chakula karibu chote kikaenda vilevile.

Mwishoni nikatoa kifurushi cha kahawa yetu ya kutafuna, ile ya Bukoba inayochemshwa na maganda yake kisha kukaushwa, ambayo mgeni hupewa akiingia nyumbani. Nilikuwa nimekitunza kwa ajili ya siku za kuikumbuka nyumba, lakini sikuweza kubaki mtazamaji. Bwana wa risiti akakichukua kwa euro 15 na hakukirudisha.

Jumapili iliyofuata alikuja moja kwa moja kwangu, uso umekunjamana. Ameisaga kahawa yangu, akaipika kwenye mashine, na mkewe amemwaga yote.

"Baba," nikamwita mume wangu, "njoo umwonyeshe huyu jinsi ya kutafuna."