Kufunga tela peke yangu Usagara

Mwezi wa nne mwaka 2021, masika yakiwa yamekolea, niliingia mkoa wa Mwanza bila utingo. Kijana wangu alianza kutetemeka tangu Singida, na tulipofika Nzega alikuwa hawezi hata kufungua mlango wa gari. Nikampeleka hospitali, wakampima, malaria, wakamtundikia dripu. Nikamwachia hela ya chakula na ya nauli, nikampigia simu dada yake, nikaendelea na safari: Tinde, Shinyanga, Mabuki, mpaka Usagara, pale njia inapogawanyika, moja inaingia jijini na nyingine inakata kushoto kwenda kivukoni Kigongo.

Bosi akanipigia kabla sijazima injini. Tela nililotoka nalo Dar nilikate, yaani nilifungue na kuliacha, hapo hapo Usagara, kwenye yadi, lingekuja kuchukuliwa na kichwa kingine, gari la mbele lenye injini linalovuta tela. Halafu nifunge tela la saruji lililokuwa limelala pale, nivuke nalo kwenda Geita. Kichwa chake kilikufa giaboksi kikavutwa gereji.

"Si uko na kijana hapo?"

Nikamwambia kijana yuko Nzega na dripu.

Akakaa kimya kidogo. "Basi tafuta watu wa pale wakusaidie."

Watu wa pale walikuwa wamekwisha kufika.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kidogo. Zile gari tunazoita puling zina lori kamili mbele na tela linalovutwa kwa mkono wa chuma nyuma. Semi ni kitu kingine. Kichwa kina sahani nzito ya chuma mgongoni, fifwili, yenye mdomo uliopasuka kwa nyuma, na pua ya tela inakuja kukaa juu yake. Chini ya pua hiyo kumechomoza kipande cha chuma kinene, kingipini, unene wake inchi 2 tu kwa tela nyingi. Kingipini inaingia kwenye mdomo, taya za fifwili zinaifunga. Tani zote zile, kona zote na miteremko yote, zinavutwa na hiyo inchi 2. Ndiyo maana ukiwa na utingo mzuri unamtunza kuliko tairi jipya. Yeye anakaa nyuma na tochi, wewe unakaa kwenye usukani, mnaongea kwa sauti moja: rudi, rudi, kushoto kidogo, nyoosha, lete, hapo hapo!

Kukata tela la kwanza hakukunisumbua. Nilichagua sehemu ya changarawe iliyoshindiliwa, nikafunga breki, nikaziba matairi kwa mawe. Mwanza unaweza kukosa vingine vyote, jiwe hukosi. Nikakoroga kwa hendeli miguu ya tela, ile miwili ya chuma inayolisimamisha likiwa halina kichwa, mpaka ikagusa chini, nikabadilisha kwenda gia nzito, nikaongeza mizunguko kadhaa ili tela lianze kujibeba lenyewe. Mipira ya upepo nikachomoa, mwekundu na wa njano, nikaitundika isiburuzwe, nikachomoa na waya wa taa. Nikavuta hendeli ya fifwili. Kisha nikasogea mbele taratibu sana, nikasimama wakati chasisi ya kichwa bado iko chini ya pua ya tela. Hapo nikashuka kuangalia miguu. Ikiwa mguu mmoja utazama au utapinda, bora tela likuangukie juu ya chasisi kuliko lipige pua ardhini. Miguu ikatulia. Nikaondoka.

Shida ilikuwa tela la saruji.

Aliyeliacha alikuwa na haraka, au hakujali, au alidhani atarudi kesho yake asubuhi. Alilisimamisha kando ya yadi, kwenye mchanga uliochanganyika na udongo, na mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya mwamba unaochungulia ardhini. Wa kushoto ulikuwa umezama, kiatu chake kimepotelea kwenye tope, na pua ya tela imelala upande huo. Ukirudi kichwa chini ya tela lililolala namna hiyo, kingipini inaingia imepinda. Inaweza kufunga nusu. Inaweza pia kupanda juu ya taya ikakaa tu pale, na ukiwa kwenye usukani usijue.

Wakati huo vijana walikuwa wameshajipanga. Wawili wa bodaboda, mmoja anayeuza vocha, wengine sikujua kazi yao. Kila mmoja alikuwa amewahi kuwa utingo, au kaka yake, au alimwona mtu. "Suka, rudi tu, itajikamata yenyewe!" Mwingine: "Hapana, kata kulia kwanza." Mwingine ameshakwenda kushika hendeli ya miguu anaanza kuikoroga bila kuulizwa, na kwa upande usiofaa.

Hapo nikaona kwamba kuwa peke yangu si tatizo. Tatizo ni kuwa na watu sita. Dereva anayerudi nyuma anasikiliza sauti moja. Zikiwa mbili zinapingana, mguu unachelewa kwenye breki, na kuchelewa kidogo tu kunatosha kumbana mtu kati ya kichwa na tela. Wote walikuwa na nia njema, lakini nia njema haisimamishi gari.

Nikazima injini. Nikatoa ufunguo, nikauweka mfukoni, nikawaambia, "Wadogo zangu, nawashukuru. Naomba mkae kule kwenye kivuli, na msiseme kitu. Hata nikikosea, msiseme."

Walinicheka, lakini walikwenda.

Ufunguo niliuweka mfukoni kwa makusudi. Hiyo tabia niliipata kwa dereva aliyenifundisha, mzee wa Tabora, ambaye hakuwahi kuingia chini ya gari huku ufunguo ukining'inia kwenye swichi, hata kama kichwani hakuna mtu. Alikuwa anasema anamwogopa mtu mwema kuliko mwizi, maana mwizi hatawasha gari kukusaidia.

Karibu na pale alikuwepo mama mmoja mtu mzima anayekaanga sato, na jiko lake chini ya mwavuli uliopauka. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Akaitikia, akaniangalia nilivyolowa. Nikamwomba gunia la kulalia. Akanipa mawili, akaja mwenyewe mpaka kwenye tela.

"Unaingia chini ya hilo peke yako?"

"Ndiyo, mayu."

"Likikulalia nani atakutoa?"

"Ndiyo maana nakuomba ukae hapo uniangalie. Mtu akipanda kwenye gari, gonga hili bati."

Akavuta kigoda chake, akakaa, mwiko mkononi. Hakusema tena neno mpaka nilipomaliza. Nimefanya kazi na matingo wengi wenye uzoefu, ila sijapata aliyenisaidia vizuri kama yule.

Nikaanza na matairi ya tela. Breki zilikuwa zimejifunga, kwa sababu tela lisilo na upepo hufunga breki kwa springi zake lenyewe, lakini nikaziba mawe mbele na nyuma vilevile. Jeki yangu ilikuwa ya chupa, ya tani 20. Kuiweka juu ya tope ni kuizika, kwa hiyo nikachimba tope kwa koleo mpaka nikapata udongo mgumu, nikalaza kipande cha taruma la reli nililokuwa natembea nacho tangu miaka hiyo, nikasimamisha jeki juu yake, chini ya boriti kuu ya chasisi. Nikapampu. Kwanza taruma likazama kidogo, moyo ukanidunda. Likakaza. Kisha nikasikia tela linaguna, na kiatu cha mguu wa kushoto kikaanza kutoka kwenye tope kwa mlio wa kunyonya.

Kilipoachana na ardhi nikaingiza ubao mwingine chini yake. Sikuingiza kwa mkono. Nilikuwa na ufito mrefu, nikausukuma ubao kwa ufito mpaka ukakaa katikati ya kiatu. Jeki ikiteleza, ni heri ikale ufito. Nikaishusha jeki taratibu, mguu ukakanyaga ubao, ubao ukakubali. Nikazunguka mbele kuangalia: pua imenyooka.

Ila sasa ilikuwa juu mno. Yule jamaa alikoroga miguu ikawa mirefu, labda alijua pale patazama. Hili la kimo ndilo linalodanganya watu. Tela likiwa chini kidogo, sahani inaliinua kichwa kinaporudi, na hiyo inafaa. Likiwa juu, kingipini inapita juu ya taya, na wewe unasikia chuma kinagonga chuma unadhani umefunga. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilipita karibu na Manyoni nikakuta tela limepiga magoti pembeni ya lami, kichwa kiko mbele yake na mipira ya upepo imekatika. Dereva alikuwa mzima, ameketi kwenye jiwe. Aliniambia alisikia kabisa limeshika.

Utingo angesimama pembeni akapima kwa macho. Mimi nikachukua ule ule ufito, nikausimamisha kando ya fifwili, nikaukata alama kwa kisu pale katikati ya mteremko wa sahani, nikaenda nao mpaka kwenye pua ya tela. Alama ikawa chini ya bamba, ile sahani ya chini ya pua inayobeba kingipini, karibu upana wa kiganja. Nikakoroga miguu kwa gia nzito. Ukiwa na saruji karibu tani 28 juu, gia nzito ni mizunguko mingi kwa kushuka kidogo, bega linawaka moto. Nikapima tena, nikakoroga tena, mpaka bamba likalingana na alama.

Sahani yenyewe ilikuwa na grisi iliyoshika mchanga wa njia nzima. Nikaikwangua, nikaifuta kwa gunia la mayu, nikapaka grisi mpya. Nikaangalia taya: ziko wazi. Ndipo nikapanda.

Kurudi bila sauti ya mtu ni kazi ya vioo. Unatafuta ukingo wa tela uonekane sawa kwenye kioo cha kushoto na cha kulia, na unakwenda kwa mwendo wa mtu anayenyata. Nilipokadiria sahani imefika chini ya pua, nikasimama, nikafunga breki, nikatoa ufunguo, nikashuka. Bamba lilikuwa limegusa mteremko wa sahani pale pale nilipotaka, na mdomo unaitazama kingipini. Nikapanda, nikarudi. Kichwa kikainama kidogo, tela likainuka kidogo, na hapo ikaja ile sauti: ka!

Vijana kule kivulini wakasimama, mmoja akafungua mdomo, mwenzake akamziba.

Nikavuta mbele kwa gia ya kwanza, kwa kugusa tu. Mipira ya upepo sikuwa nimeichomeka bado, kwa hiyo tela lilikuwa limeshikilia breki zake zote. Kama taya hazikufunga, kichwa kingechomoka. Kikagoma. Hata hivyo nikachukua tochi nikalala kwenye gunia. Mvutano unaweza kukudanganya. Nilitaka kuona mambo matatu: kati ya bamba na sahani hakuna mwanga unaopita, taya zimekumbatia shingo ya kingipini kwa nyuma, na hendeli imerudi ndani mpaka mwisho na kizuizi chake kimeanguka mahali pake. Mwanga haukupita. Taya nyeusi kwa grisi zimekutana. Hendeli imerudi.

Mipira nikachomeka, nikasikiliza kama kuna unaopumua. Waya wa taa. Miguu nikaipandisha yote, nikatoa ubao, mawe nikayatupa pembeni. Zikabaki taa za breki, na hapa ndipo mtu peke yake hukwama, kwa sababu aliye kwenye pedali hawezi kuwa nyuma. Nikakata kipande cha ule ufito, nikakibana kati ya kiti na pedali ya breki, nikazunguka nyuma. Ya kulia inawaka. Ya kushoto imekufa. Nikasafisha plagi kwa kisu, ikawaka.

Nikarudisha magunia kwa mayu, nikanunua sato wawili na ugali. Akanitolea aliye mkubwa zaidi, akakataa hela ya magunia ingawa moja lilikuwa limeshakuwa grisi tupu. Akauliza kama nitavuka leo. Nikamwambia inategemea foleni. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya ziwa, unapita bila kuzima injini. Lakini wakati ule lilikuwa nguzo tu zinazoota majini, na sisi wa malori tulilala kwenye foleni ya kivuko tukiziangalia.

Nilipowasha gari vijana wakaja mlangoni wote kwa pamoja. Walitaka hela ya soda.

"Ya kazi gani?" nikawauliza.

Yule wa vocha akajibu bila kucheka, "Ya kunyamaza, suka. Unajua ilivyokuwa ngumu?"

Nikawapa.