Mzee wa Dakar na Bahasha ya Baba

Mwezi Aprili 2015, masika yakiwa yamepamba moto jijini Dar es Salaam, nilipanda daladala hadi Sinza nikiwa nimeikumbatia skripti yangu ya kwanza, kurasa 28 nilizochapisha kwa fedha niliyojibana wiki nzima kuipata. Nilikuwa naipeleka kwa mwalimu wangu wa uandishi, mzee aliyeandika michezo ya redio kwa miaka mingi kabla ya kugeukia filamu, ambaye alizisoma kazi za wanafunzi wake mbele yao, penseli mkononi, bila kusema neno mpaka ukurasa wa mwisho.

Hadithi yangu ilimhusu mzee mstaafu anayefuatilia mafao yake. Anadaiwa cheti cha kuzaliwa ambacho hana, anakwenda kupiga picha na kutapeliwa na mpiga picha, na mwishowe ndugu aliyejitia kumsaidia anaondoka na fedha zote. Mwalimu alipomaliza alivua miwani, akanitazama kwa upole. "Binti yangu," akasema, "huyu mzee namfahamu. Anaitwa Ibrahima Dieng, na kwao ni Dakar."

Sikuwa na la kubisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha Mandabi, filamu ya Msenegali Ousmane Sembène ya mwaka 1968, ambamo Dieng anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris, kisha anashindwa kuichukua kwa kuwa hana kitambulisho. Niliipenda filamu ile kwa moyo wote. Nilipenda kwamba Sembène, aliyekwisha kuwa mwandishi wa riwaya, alijifunza filamu kwa sababu wengi wa watu wake hawakuweza kusoma Kifaransa alichoandikia, na kwamba humu wahusika wake wanasema Kiwolofu. Kwa mapenzi hayo nikamfuata hatua kwa hatua, mlango kwa mlango, nikabadilisha majina ya watu na ya mitaa.

Mwalimu hakunikemea. Alifungua kompyuta yake akaniwekea Borom Sarret, filamu fupi aliyoitengeneza Sembène mwaka 1963, inayomfuata mwendesha gari la farasi kutwa nzima. Aliisimamisha pale mwenye gari anapokamatwa na askari katika mtaa wa wakubwa wa Plateau, ambako magari ya farasi hayaruhusiwi. Anapotoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka chini, na kabla hajaiokota, buti la askari limekwisha kuikanyaga.

"Wengi wakiitazama hii humkumbuka De Sica, mtengeneza filamu wa Italia," Mwalimu akaniambia, "na yule baba wa Roma aliyeibiwa baiskeli katika filamu yake ya mwaka 1948. Ni kweli, baba yule na mwenye gari huyu wote ni maskini wanaopoteza chombo cha kazi. Lakini nishani ile De Sica hakuwa nayo. Sembène alitumika katika jeshi la Wafaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliujua uzito wake." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba yako anaweka wapi karatasi zake?"

Swali lile lilinichoma, kwa sababu jibu nililijua tangu mwanzo. Baba alistaafu kiwandani, akafuatilia mafao yake miaka mitatu katika ofisi ambayo kila mara ilimwambia arudi wiki ijayo. Karatasi zake zilikuwa katika bahasha ya kaki, bahasha ikiwa ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo bati halikuvuja. Sikuwahi kudhani kwamba kitu kama kile kinastahili kuwekwa kwenye filamu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Morogoro. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwomba anifungulie bahasha. Kwanza alinawa mikono. Kisha akalifungua fundo la rambo kwa kucha, polepole, asiuchane mfuko. Ilitoka barua ya ajira iliyoungwa kwa selotepu kila ilipokunjwa, zikafuata picha za pasipoti, nyingine za mwaka mmoja, nyingine za mwaka wa pili. Katika picha zote alivaa koti lilelile, nalo halikuwa lake. Kila ofisi ilipodai picha mpya, alirudi kuliazima kwa jirani.

Nilirudi Dar es Salaam nikaandika upya, na kurasa 28 zikawa 11. Sini ya kwanza ilikuwa mikono na fundo, basi. Hapo Sembène bado yumo, na sioni haya kusema hivyo, maana Mandabi inaanza na kinyozi akimnyoa mtu kwa utulivu, hadi vinyweleo vya puani, hadithi yenyewe ikiwa bado haijaanza. Ujasiri wa kumwacha mtazamaji aangalie kwanza niliupata kwake. Koti nililipata kwa Baba.

Mwalimu aliisoma kama kawaida yake, kimya. Kwenye ukurasa wa nne, penye picha za pasipoti, aliandika pembeni kwa penseli: "Koti la nani?" Akaendelea. Kwenye ukurasa wa sita mzee wangu analikung'uta koti, analikunja, analipitisha juu ya ua wa jirani bila kusema kitu. Mwalimu alirudi ukurasa wa nne, akatafuta ufutio mezani, akalifuta swali lake.