Nilivyouza flati nikarudi kwenye chogo

Mwaka 2008 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Sinza. Mchana nilikuwa mwanachuo, usiku nilikuwa mtu wa Counter-Strike 1.6, gemu ya timu kupigana risasi ambayo sisi tuliiita Kaunta tu. Tulikuwa wanne: wawili nyumba ile ile, wawili nyumba ya nyuma. Kebo ya mtandao ilitoka dirishani kwangu, ikapita juu ya bati la choo, ikaingia kwao. Kompyuta yangu ilikuwa mtumba wa ofisi fulani ya Uingereza, Pentium 4 yenye RAM ya MB 512, na grafiki zake ni zile za Intel zinazokuja humo humo kwenye mazabodi. Stika ya namba ya mali ya ofisi ilikuwa bado imeng'ang'ania ubavuni.

Monita ndiyo sikuwa nayo. Niliyokuwa naitumia ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe akaja kuichukua.

Nikaenda Kariakoo na shilingi 160,000 mfukoni. Flati, yaani monita bapa ya LCD, ya inchi 17, mtumba, ilikuwa 150,000. Chogo, yaani monita ya zamani yenye mgongo mrefu, la inchi 17 lilikuwa 35,000, na yalikuwa yamerundikwa nje ya duka kama viroba vya saruji, hakuna hata anayeyaangalia. Kipindi kile ukionekana unabeba chogo watu walikuonea huruma. Muuzaji naye hakunisaidia: "Bosi, hilo dude la nini tena? Chukua flati, chumba chenyewe kidogo." Mbele ya ile flati kulikuwa na stika imeandikwa 8 ms. Nikaambiwa hiyo maana yake ina kasi. Nikalipa.

Siku ya kwanza sikujuta hata kidogo. Herufi zilikaa kama zimechapwa kwenye karatasi, picha imetulia, macho hayaumi. Nikaandika kazi ya chuo siku tatu kabla ya muda wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halijatokea tena.

Usiku ukafika, tukaingia Kaunta, ramani ya de_dust2. Kama unaijua, pale katikati kuna milango miwili mikubwa iliyoachia uwazi mwembamba. Mwenye AWP, bunduki ya kudungua kwa mbali, anajibanza ng'ambo anasubiri adui akatize ule uwazi, na adui anakatiza kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwenye timu. Usiku ule kilichokatiza hakikuwa mtu. Kilikuwa doa, kama wino mbichi uliopitishiwa kidole. Nilipiga doa, nikakosa. Nikapiga tena, nikakosa. Kufika raundi ya sita wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Shida ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Flati ile ilikuwa na rezolusheni yake ya kuzaliwa, yaani idadi ya vidoti vya picha, 1280 kwa 1024, na ilitaka ilishwe hiyo hiyo. Intel yangu maskini haikuiweza. Mtu akitupa bomu la moshi tu, gemu inaanza kutembea kama mgonjwa. Nikashusha rezolusheni hadi 800 kwa 600, gemu ikawa nyepesi, lakini sasa flati ikalazimika kuivuta picha ndogo ijaze kioo kikubwa. Kila kitu kikalainika kama mkate uliolowa chai. Kichwa cha adui aliye mbali, ambacho ni vidoti vichache tu, kikawa ukungu. Halafu umbo la 800 kwa 600 si umbo la kioo kile, kwa hiyo watu wote wakarefuka, wamekonda, kama wametoka kwenye mfungo.

Kaka mmoja wa nyumba ya nyuma alikuwa anatupiga kila siku. Tulimwona ana kipaji. Jumamosi moja nikaenda kwake, nikakaa kwenye kiti chake, mbele ya chogo lake la zamani lenye rangi ya meno ya mvuta sigara. Nikageuza panya kulia kwa nguvu, ukuta ukapita mbele yangu na niliyaona matofali yake. Kwenye flati yangu ukigeuka hivyo unaona uji. Nikageuka tena kushoto, nikayaona tena.

"Kaka, umeiwekaje hii?"

"Hertz 100. Wewe si umenunua ya kisasa?"

Baadaye nikaanza kusoma, nikaelewa kwa nini. Hertz ni mara ngapi kwa sekunde kioo kinachora picha upya. Ndani ya chogo kuna bunduki ya elektroni nyuma kabisa, na ndiyo maana lina kisogo kirefu. Inapiga miali kwenye kioo kwa mbele, mstari mmoja mmoja kutoka juu hadi chini, na kila kidoti kikipigwa kinawaka kwa kitambo kidogo sana kisha kinazima. Jicho linapata picha fupi, kali, halafu giza, halafu picha nyingine. Flati haizimi. Fuwele zake za kioevu zinajigeuza kuachia au kuzuia mwanga wa taa iliyo nyuma yake, na zile za enzi hizo zilikuwa nzito kujigeuza. Ile 8 ms, yaani milisekunde 8, ya kwenye stika ilipimwa kwenye mabadiliko ambayo kiwanda kilichagua chenyewe. Rangi moja ya kijivu kwenda nyingine ingeweza kuchukua muda mrefu zaidi. Na hata fuwele zingekuwa na kasi ya umeme, picha ya flati ya hertz 60 inasimama pale pale karibu milisekunde 17 ikisubiri ijayo, wakati jicho lako linaendelea kumfuata anayekimbia. Lazima umwone amefutika. Hilo halikuandikwa kwenye stika yoyote.

Nikarudi dukani. Kwenye risiti kulikuwa na maneno yale ambayo huwa hatuyasomi: mali ikishauzwa hairudishwi. Bahati nzuri dada mmoja niliyesoma naye, mtu wa uhasibu, alikuwa anatafuta monita ya Excel. Nikamwonyesha, akaipenda pale pale, akanipa 130,000. Namhesabu kama mtu aliyefanya biashara nzuri, kwa sababu kwa kazi yake ile flati ilikuwa kamili.

Safari hii sikwenda kwa muuzaji wa duka, nilikwenda kwa fundi. Akaniwashia machogo manne, moja baada ya jingine. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuliwasha likiwa la baridi. Bomba la picha lililochoka linawaka limefifia, linahitaji dakika kadhaa kupata mwanga, na muuzaji mjanja anaacha limeshawaka tangu asubuhi ili usijue. Mawili yakaanguka hapo. La tatu lilikuwa na kivuli cha menyu ya programu fulani kimeungua kwenye kioo, ungeweza kuisoma hata likiwa limezimwa. La nne tukafungua ukurasa mweupe, tukajaza herufi ndogo hadi kwenye kona nne, tukaangalia kama za pembeni zinasomeka kama za katikati. Zilisomeka. Lilikuwa Trinitron, na kwenye weupe unaona mistari miembamba kama unywele imekatiza kioo. Nikadhani ni ubovu, fundi akacheka. Ni kivuli cha nyaya zinazoshikilia nyuzi za ndani zisitikisike, yote ya aina hiyo yanayo. Nikamlipa 40,000.

Kwenye daladala konda akalitazama, akanitazama. "Huyo mwenzako naye analipa." Kilo kama 17, limefungwa kwenye khanga ya dada yangu, limekaa kwenye kiti cha dirishani mimi nimesimama. Nililipa nauli mbili na wala sikubishana.

Nikafika, nikachomeka, nikawasha, likatoa ile sauti yao ya "dung!" na vinyweleo vya mkono vikasimama nilipokisogelea kioo. Baada ya nusu saa kichwa kikaanza kuuma. Kioo kilikuwa kinapepesa. Nikaenda kwenye mipangilio ya Windows XP nikakuta imejiwekea hertz 60, na chogo la hertz 60 ni kama taa ya tubu inayotaka kufa. Nikapandisha hadi 85 kwenye 1024 kwa 768, kioo kikatulia kimya. Ila ukifungua gemu, XP ilikuwa na tabia ya kurudi 60 bila kukuuliza. Dawa niliipata kwa yule kaka: kwenye njia ya mkato ya Kaunta unaongeza maneno -freq 100, na ndani ya gemu unaandika fps_max 101, maana enzi hizo bila hivyo gemu yenyewe ilijifunga kwenye fremu 72 kwa sekunde. Kwa 800 kwa 600, chogo langu liliiweza 100 bila kulalamika, na chogo halina rezolusheni ya kuzaliwa. Ulilishe 800 au 1024, picha inabaki kali. Kwa mtu mwenye grafiki dhaifu kama mimi, hilo peke yake lilitosha kumaliza ubishi.

Pale kwenye milango miwili nikaanza kuona mtu. Mabega, bunduki, mguu wa mbele. Yule kaka aliendelea kunipiga vile vile, lakini sasa nilikuwa naona ninavyopigwa.

Chumba chenyewe ndicho kilichoteseka. Chogo lile lilichukua meza yote, mimi nikawa naandikia kitandani. Joto la Dar mwezi wa pili unalijua, sasa ongeza kifaa chenye joto la mgongo wa jiko. Nikaweka spika yangu kubwa karibu nalo, kona ya kushoto ikageuka zambarau kwa sababu ya sumaku. Nikaihamisha spika, nikabonyeza ile sehemu ya menyu inayoondoa usumaku, likapiga "dung!" jingine, rangi zikarudi. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, nayo ilipoteza heshima. Umeme ukikatika, zamani nilikuwa na muda wa kuhifadhi kazi na kuaga wenzangu. Na chogo nilikuwa na muda wa kusema "jamani" tu.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba nzima tulikuwa na mita moja, wapangaji watano, kila mmoja anachangia sawa. Mama mwenye nyumba hakujua Pentium wala hertz, lakini alijua uniti. Asubuhi moja akanisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hicho kitanuri chako unakipikia nini usiku?"

Nikamwambia ni cha kusomea. Akanitazama kwa muda, akasema yeye amelea watoto sita na hakuna aliyesoma hadi saa nane usiku huku anapiga kelele za "amekufa, amekufa".

Nikaona nimletee hesabu. Nyuma ya chogo na nyuma ya ile flati ya yule dada niliangalia matumizi: tofauti ilikuwa kama wati 50. Kwa saa 6 kila usiku, ni uniti 9 kwa mwezi. Nikampelekea karatasi. Hesabu hakuiangalia, alichokiona ni kwamba nimekiri mwenyewe. Tukakubaliana niongeze mchango kidogo kila mwezi, na saa sita usiku niwe nimezima. Ya kwanza niliitimiza.

Mwaka wa pili picha ikabana ghafla, ikawa mstari mmoja mweupe mkali katikati ya kioo. Nikalizima haraka, fundi alishaniambia mstari wa namna hiyo ukiuacha unakichoma kioo. Yeye akalifungua, mimi nikakatazwa kusogea, maana ndani mna volti maelfu kwa maelfu na zinaweza kubaki hata waya ukiwa mkononi mwako. Akakuta risasi ya kuchomelea imepasuka kwenye mguu wa IC, ile chipu inayosukuma picha juu na chini. Elfu nane, likapona.

Nililitumia hadi nilipopata kazi. Kompyuta ya kazini ilikuwa laptopu, macho yangu yakazoea herufi zilizotulia, na usiku wa Kaunta ukapungua wenyewe kadiri wenzangu walivyohama. Flati niliyonayo leo ni ya hertz 144, na hii ndiyo ya kwanza ambayo nikigeuka kwa nguvu nayaona tena matofali, ingawa si kwa ukali ule.

Siku ya kuhama Sinza sikutaka kulibeba. Kijana wa chumba cha tatu, mtoto wa mpangaji mwenzangu, alikuwa analimezea mate muda mrefu. Nikamwachia pamoja na kebo na zile namba za -freq nimemwandikia kwenye karatasi. Mama mwenye nyumba alikuwa kibarazani anachambua mchele, akaniona natoka na begi na godoro, akafurahi, akaniombea safari njema. Kisha akawaona vijana wawili wamelikumbatia chogo, wanapita nalo koridoni kwenda ndani badala ya nje.

"He," akasema, akaweka ungo chini. "Kwa hiyo hiki hakihami?"