Feni Iliponyamaza

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi kwenye studio ndogo ya video za harusi, Kariakoo. Kamera zilitoa mafaili makubwa mno, na wateja walitaka ya kurushiana kwa simu. Nikaandika programu fupi kwa lugha ya Python: inaiita ffmpeg, programu ya kubana video, ibane faili moja, ikimaliza inaipa jingine. Jioni nawasha, narudi nyumbani, asubuhi nakuta kazi tayari.

Ikawa haiishi. Vipande vifupi, maharusi kuingia ukumbini, kukata keki, vilipita vizuri. Faili refu la saa mbili liliganda njiani, bila ujumbe wowote wa kosa. Nikashuku RAM, kisha diski ya nje, kisha umeme (kwetu umeme hushukiwa hata jino likiuma). Nilipoiandika amri ileile kwa mkono kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), faili hilohilo likaisha salama. Hapo ndipo nilichanganyikiwa kabisa.

Usiku mmoja nikaamua kukesha nayo. Laptop ile feni yake ilikuwa mbovu. Ikipewa kazi, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Dakika tano na ushei, kimya. Kimya kile kikanishtua. Kompyuta iliyolemewa hupiga kelele. Hii ilikuwa imekaa tu, inasubiri kitu.

Nikampigia dada mmoja tuliyesoma naye, mtunza seva.

"Samahani dada, najua ni usiku."

"Semeni, watu wa harusi."

Akaniambia niendeshe strace, chombo cha kuonyesha programu inaomba nini kwenye mfumo, kwa namba ya kila mchakato. Ffmpeg ilikuwa imekwama katikati ya write, yaani kuandika, kwenye mkondo namba 2, ule wa makosa. Python yangu ilikuwa kwenye wait4, yaani inasubiri ffmpeg imalize. Nikamsomea. Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Umempa mtoto ndoo ya kumwagia maneno, halafu huichoti. Imejaa. Yeye anakusubiri uchote, wewe unamsubiri amalize. Mtakesha."

Ffmpeg ina maneno mengi: kila nusu sekunde inaandika mstari wa kueleza imefika wapi, na inauandika kwenye mkondo huo wa makosa. Mimi nilikuwa nimeweka stderr=PIPE, yaani mkondo huo umwagike kwenye bomba la kuniletea maneno, nikijiambia likitokea kosa nitalisoma, kisha nikaita wait(), amri ya kusubiri, bila kusoma hata herufi. Bomba la aina hiyo kwenye mfumo wa Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536, herufi moja ya kawaida ikiwa baiti moja. Nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha risiti: mstari wa herufi kama mia, mara mbili kwa sekunde, bomba linajaa kwenye dakika ya tano na nusu. Harusi haikuwa na kosa lolote. Vipande vifupi vilikuwa vinamaliza kabla bomba halijajaa, na kwenye terminali maneno yalimwagika kwenye kioo.

Nyaraka za Python zinaonya kuhusu jambo hili palepale chini ya wait(). Nilikuwa nimenakili mfano, sikushuka hadi kwenye onyo. Dada alishauri communicate(), amri inayochota maneno huku ikisubiri. Mimi nikaelekeza maneno yote kwenye faili, maana sasa nilitaka kuyaona.

Nikaanza upya saa saba usiku. Dakika ya sita ikapita, feni inaunguruma. Ya kumi. Ya ishirini. Mlinzi wa jengo akagonga mlango, akauliza nani kaingiza jenereta ndani.