Mkopo mkubwa, riba ndogo

Jamani, leo mchana nimemsindikiza dada na shemeji benki hapa Dallas. Wanatafuta nyumba ya kukaa pamoja na wazazi, kwa hiyo bei imepanda.

Mwaka 2025, mkopo wa kawaida wa nyumba kwenye kaunti nyingi za Marekani uliishia dola 806,500. Ukizidi hapo unaitwa jumbo, na Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, hawaununui.

Afisa akageuza karatasi upande wetu.

Wa kawaida: asilimia 6.75.
Jumbo: asilimia 6.5.

Shemeji akaweka kidole kwenye ile 6.5 na hakukitoa muda wote tuliokuwa tunaelezwa.

Kumbe mkopo wa kawaida unabeba ada ya dhamana ya Fannie na Freddie, nayo huingia kwenye riba. Jumbo haina ada hiyo. Tena benki zinagombania wateja wenye kipato kikubwa ili walete na akiba zao. Kuna vipindi mambo hugeuka, jumbo ikawa juu.

Ila masharti sasa! Malipo ya awali asilimia 20, na bado ubaki na akiba ya kutosha marejesho ya mwaka mzima kwenye akaunti.

Hapo dada akanyamaza. Iliniuma sana. Hela ya kulipa kila mwezi wanayo, ya kulala benki ndiyo hawana.

Mliochukua jumbo, mlidaiwa akiba ya miezi mingapi? Kuna aliyepunguziwa? Niandikieni hapa, nimfikishie dada kabla ya Jumatatu.