Ziwa Itasca: anza na maji, mawe yasubiri jioni

Wengi wanaofika Itasca kwa mara ya kwanza huwa na lengo moja, kuvuka mto Mississippi kwa miguu juu ya mstari wa mawe. Mto huo unatoka ziwani hapo, ndani ya hifadhi kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ukiwa na kina cha magotini tu, ndipo uanze safari ya zaidi ya kilomita 3,700 hadi Ghuba ya Meksiko. Wakishavuka na kupiga picha, haooo, wamerudi garini. Kwa waliotoka Minneapolis, mwendo wa karibu saa nne, hiyo ni hasara kubwa. Ziwa lenyewe ndilo la kushinda nalo, ila lina saa zake.

Lina umbo la herufi Y, mikono mitatu mirefu na myembamba. Upepo ukishika urefu wa mkono mmoja, mawimbi yanainuka upesi kuliko mtu wa mtumbwi anavyotarajia. Kwa kawaida maji hutulia alfajiri hadi kama saa nne asubuhi, kwa hiyo mtumbwi au kayaki (zinakodishwa humo humo hifadhini) uchukuliwe mapema. Anza kwa kupiga kafi kuelekea upepo unakotoka. Wanaofanya kinyume husukumwa raha mustarehe wakati wa kwenda, kisha wakati wa kurudi, mikono ishachoka, ndipo wanapambana na mawimbi usoni. Ambaa na ukingo, usikate katikati.

Mwezi Mei ziwa huwa limeachwa na barafu wiki chache tu zilizopita. Anayetumbukia kwenye maji ya baridi hiyo huvuta pumzi kwa ghafla bila kutaka, na baada ya dakika chache vidole havishiki kitu. Umahiri wa kuogelea uliopatikana Mwanza au Kisumu haumsaidii sana hapo. Sheria ya Minnesota inataka kila aliye chomboni awe na jaketi okozi, na mtoto chini ya miaka 10 alivae muda wote chombo kinapokwenda. Mtu mzima naye alivae. La mtoto lipime hivi: mwambie anyanyue mikono, ulivute juu kwa mabega, likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno.

Kwa wavuvi kuna jambo ambalo Waswahili wengi wa Minnesota hawalijui. Mkazi wa jimbo kwa kawaida haulizwi leseni anapovua kwa ndoano kutoka ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo. Viwango vya idadi na ukubwa wa samaki vinabaki palepale. Chambo kilichosalia kinatupwa kwenye pipa la taka, kamwe si ziwani, na mwenye mashua yake ang'oe kizibo amwage maji yote kabla ya kuondoka. Kome wadogo wa kigeni na magugu husafiri kwenye maji hayo machache, na wakishaingia ziwa jingine hawatoki.

Kuogelea kunafaa zaidi Julai na Agosti. Ngozi ikiwasha na kutoa vipele baada ya kuoga, usidhani ni kichocho, ingawa ukoo ni mmoja. Ni mabuu ya minyoo ya bata, yanayopitia kwanza kwa konokono. Yakiingia kwenye ngozi ya binadamu hufa papo hapo. Jifute kwa taulo mara utokapo, usiache maji yakukaukie mwilini, wala usiwape bata chakula penye watu.

Kupe ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu wale wadogo wa kulungu hubeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Miguu ya suruali iingie ndani ya soksi, tembea katikati ya njia, na jioni kaguaneni kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe aliyeng'ata ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Kupe wa Lyme huhitaji kunyonya zaidi ya siku nzima kabla ya kuambukiza, ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni unaokoa.

Kiingilio hulipwa kwa gari kwa siku, au kwa mwaka kwa hifadhi zote za jimbo. Nafasi za mahema hufunguliwa siku 120 kabla, na za wikiendi za Julai huisha haraka. Kuni usibebe kutoka nyumbani, nunua zilizoidhinishwa, maana mende watoboao miti husafiri nazo.

Ukishamalizana na ziwa, jioni ndiyo zamu ya mawe. Mstari wa mawe pale mto unapoanzia ulipangwa na vijana wa kazi za serikali miaka ya 1930. Kabla yake palikuwa kinamasi. Juu ya mawe hayo pana utelezi wa mwani, na watu huanguka kila siku ya joto. Vaa viatu vyenye mkanda nyuma, malapa yatachukuliwa na maji. Na kama una wazee au watoto, waache mawe, wavuke hatua chache chini yake penye mchanga na kokoto. Mkubwa asimame upande maji yanakoelekea, mtoto awe upande yanakotoka, ili akiteleza adakwe kabla hajapita.