Kompyuta ya 1983, kaseti moja na karabai ya Igombe

Mama aliyeniletea ile mashine anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Alikuwa ameifunga kwenye kitenge, akaitua juu ya meza yangu pale Mlango Mmoja taratibu kama anayelaza mtoto mgonjwa.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Hii ya marehemu baba. Nataka unitazamie kama kuna kitu aliacha humo ndani."

Mimi riziki yangu ni simu na redio. Nilipofungua kitenge nilidhani naona taipureta ya watoto: kibodi kamili, juu yake kioo chembamba cha kijivu, haina mfuniko wa kukunja, unene wake kama kamusi. Maandishi yalisema TRS-80 Model 100. Hii ni laptopu ya 1983. Ilitengenezwa Japani na Kyocera, ikauzwa Marekani na Tandy katika maduka ya Radio Shack, bei ikianzia dola 1,099. Programu zake ziliandikwa na Microsoft, na Bill Gates mwenyewe aliandika sehemu kubwa. Kumbukumbu yake inaanzia kilobaiti 8 na kuishia 32, yaani picha moja tu ya WhatsApp haiingii. Lakini inakula betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani, na inakwenda nazo saa nyingi kuliko laptopu yangu ya sasa. Waandishi wa habari wa enzi hizo waliipenda kwa sababu waliandika popote na kutuma habari kwa waya wa simu.

Baba yake alikuwa karani wa kupima samaki kwa watafiti waliofanya kazi upande wa Nyegezi miaka ya 1980. Mmoja wao alipoondoka akamwachia.

Ilibidi nimwambie ukweli mapema. Mashine hii haina diski. Kila unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya umeme, na ukizima kinashikiliwa na kibetri kidogo cha volti 3.6 kilichochomelewa kwenye bodi. Kibetri hicho kimekufa zamani, kwa hiyo vilivyokuwamo vimepotea. Mama akanyamaza. Kisha akapapasa ndani ya kitenge na kutoa kaseti ya kawaida, ya kusikilizia muziki.

"Na hii je? Baba alikuwa anaiita daftari."

Upande mmoja palikuwa na neno SAMAKI kwa kalamu ya wino. Upande wa pili, MADENI. Nikamwomba aniachie vyote.

Kibetri kilikuwa kimetapika. Unga wa kijani umetambaa kwenye bodi, njia mbili za shaba zimelika kabisa. Wengi hukimbilia kusugua na spiriti peke yake, lakini uchafu wa betri ya nikeli na kadimiamu ni alkali, kwa hiyo kinachoukata ni kitu kichachu. Nilikamua ndimu, nikachovya mswaki wa zamani, nikasugua mpaka povu likaisha, ndipo nikasuuza kwa spiriti na kuanika. Njia zilizolika nikaziunga kwa waya mwembamba kama unywele niliouzongoa kwenye relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) iliyoungua. Mahali pa kibetri nikaweka betri ya simu ya mezani isiyo na waya, ambayo nayo ni volti 3.6.

Nikatia betri nne, nikawasha. Kioo kitupu. Nikazungusha kigurudumu cha kukoleza maandishi mpaka mwisho. Kitupu.

Siku mbili nilikilaani kile kioo bure. Kilichonitoa gizani ni kukumbuka kwamba mashine hii ikiwaka upya, mshale unasimama juu ya BASIC, lugha yake ya kuandikia amri na programu. Kwa hiyo hata bila kuona kitu unaweza kubonyeza ENTER, ukaandika BEEP, ukabonyeza ENTER tena. Nilifanya hivyo usiku, soko limetulia, na mashine ikalia: piii! Nilicheka peke yangu. Ubongo mzima, anayeumwa ni macho.

Hapo nikaanza kupima kwa utaratibu. Kioo cha aina hii hakitosheki na volti tano za kawaida, kinataka pia hasi tano, na mashine inajitengenezea hiyo hasi yenyewe kutoka kwenye betri. Chanya tano ilikuwapo. Hasi niliyoipata ilikuwa moja na kidogo. Kapasita, yale makopo madogo ya kutunza chaji, za sehemu ya umeme zilikuwa zimevuja, miguu yao inanuka samaki aliyelala, harufu ambayo fundi yeyote wa televisheni za zamani anaijua. Nikazing'oa zote za eneo lile na kuweka nyingine nilizopima kwanza, kutoka kwenye bodi za ving'amuzi vibovu ninavyotunza chini ya meza. Moja nilifanyia pupa, nikanyanyuka na duara la shaba pamoja nayo. Sina cha kujitetea, joto lilizidi na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Waya wa relei ukaokoa tena.

Safari hii nilipowasha, maandishi yalitoka: Jan 01,1900, na chini kabisa namba 21446, yaani baiti zilizo wazi. Nikajua hii ni ya kilobaiti 24. Tarehe nilijaribu kuirekebisha kwa kuandika 25 mahali pa mwaka, ikaniambia 1925. Ile 19 imegandishwa kwenye programu yake, haitoki. Basi kwa hesabu zake sangara alikuwa bado hajaletwa ziwani.

Sasa kaseti. Nyuma ya mashine kuna tundu la duara lenye matundu manane madogo, la kuunganisha redio kaseti. Waya wake hakuna, na plagi ya namna hiyo sikuipata mjini. Badala ya kuhangaika kutafuta mchoro, niliamua kuiuliza mashine yenyewe. BASIC yake ina amri ya MOTOR ON, ambayo kazi yake ni kuwasha mota ya redio kaseti kupitia relei ndogo. Nikaweka mita kwenye mlio, nikawa naandika MOTOR ON, MOTOR OFF, huku nikigusa matundu mawili mawili. Ndani mnasikika tik, tik. Nilipofika kwenye jozi sahihi, mita ikawa inalia na kunyamaza kwa kufuata amri. Mawili hayo. Waya wa hasi nikaupata kwa kulinganisha na hasi ya betri. La kutolea sauti nikaliwinda kwa spika ya masikioni: niliandika programu ya mstari mmoja, 10 PRINT "MWANZA", nikaamuru CSAVE, yaani ihifadhi kwenye kaseti, nikagusa tundu baada ya tundu mpaka nikasikia kelele kama nzi kwenye chupa. La kuingizia sauti nikalifuata kwa macho na mita juu ya bodi. Plagi nikaitengeneza kwa vipande vya waya mgumu wa shaba vilivyofunikwa mpira.

Redio kaseti niliipata kwa wauza mitumba, nikasafisha kichwa chake na kubadili mkanda wa mpira. Nikacheza upande wa SAMAKI. Relei ikalia tik, tepu ikazunguka, mashine ikasikiliza, kisha ikatoa kosa. Nikapunguza sauti, nikaongeza, nikageuza kidogo skrubu ya kichwa. Kosa. Tepu ilikuwa imenyooka na kunywea, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anatembea.

Nikaacha kuilazimisha. Nilirekodi kaseti nzima kwenye kompyuta yangu, nikaikuza sauti mpaka nione wimbi mojamoja. Kwa mbali ni kelele tupu, kwa karibu ni mawimbi ya saizi mbili tu, marefu na mafupi, mafupi yakiwa nusu ya marefu. Ukiona vitu viwili tu kwenye kompyuta, moja kwa moja unawaza sifuri na moja. Lakini ipi ni ipi?

Nikarudi kuiuliza mashine. Niliandika faili lenye herufi A tupu, mistari kwa mistari, nikalihifadhi kwa sauti na kulirekodi. Herufi A kwa kompyuta ni namba 65, ambayo kwa sifuri na moja ni 01000001. Kwenye kioo changu likajitokeza pambo linalojirudia: fupi, ndefu tano, fupi. Fupi, ndefu tano, fupi. Basi fupi ni moja, ndefu ni sifuri. Nikajaribu B, kisha C, pambo likabadilika pale pale nilipotegemea. Nakumbuka umeme ulikatika dakika ile, kompyuta yangu ikazimika na ya mama ikaendelea kuwaka na betri zake nne.

Kazi iliyobaki ilikuwa programu fupi ya lugha ya Python ya kupima urefu wa kila wimbi, na kila baada ya mawimbi machache kusahihisha kipimo chake, kwa kuwa tepu inakwenda haraka na polepole. Kila kipande cha faili kinafungwa na namba ya kuhakiki. Jumla ikikataa, unajua kuna herufi umeisoma vibaya. Neno lililopungukiwa herufi, kama SAN ARA, halikunisumbua. Tarakimu zilinitesa, kwa sababu 3 na 7 zote zinaingia akilini, na namba ya kuhakiki ndiyo iliyoamua.

SAMAKI ilikuwa orodha ya kazini: furu, sato, sangara, gogogo, na sentimita zao. Wazee wa huku wanajua miaka hiyo ilivyokwenda, sangara alivyowafagia furu kwenye ghuba yetu. Niliisoma taratibu, ila najua mama hakuja kwa ajili hiyo.

MADENI ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe. Herufi kubwa zote, hakuna jina kamili hata moja, lakabu tu na vitu. NYAVU 2, NUSU KALIPA. MAFUTA YA TAA DEBE 1, ATALETA DAGAA. Kumbe jioni alikuwa akikopesha wavuvi, na kompyuta ya watafiti ndiyo daftari lake la duka.

Ningeweza kuichapa kwenye karatasi yakaisha. Nikaona haitoshi. Niligeuza ile kazi: nikatengeneza mawimbi mapya, safi, yasiyoyumba, nikayaweka kwenye simu yangu kama wimbo, nikaunganisha na mashine. Tik. Halafu kiooni: Found:MADENI. Jina lina herufi sita, na sita ndizo mashine inazoruhusu. Mzee alijua.

Nilimpelekea Mwaloni asubuhi, katikati ya magunia. Jua lilikuwa kali, na hapo kile kioo kisicho na taa kilionyesha ubora wake: simu zetu zilikuwa vioo vya kujitazamia sura, chenyewe kinasomeka hadi herufi ya mwisho. Mistari minane kwa mara moja. Nikamwonyesha kitufe cha kushuka chini. Akawa anasoma kwa sauti, wenzake wamemzunguka.

"Fundi Mitumbwi, karabai moja, kurejesha Jumamosi." Akasimama hapo. Akarudia, "Kurejesha Jumamosi."

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Yupo Igombe mpaka leo! Na hiyo karabai nimeiona kwake kwa macho yangu, kaitundika sebuleni kama pambo."

Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu. "Shikamoo baba mdogo. Hujambo huko? ... Sisi wazima. ... Hapana, si msiba. Ni baba. Anauliza, ile Jumamosi imefika?"

Walicheka mpaka wauza ndizi wa upande wa pili wakasogea kuuliza kuna nini. Mazungumzo yalikuwa marefu, na ile mashine ikiachwa dakika kumi bila kuguswa hujizima yenyewe. Alipokata simu na kugeuka, kioo kilikuwa cheupe. Akashtuka.

"Washa tu, mayu," nikamwambia. "Kipo palepale."